Pampu ya Kioo ya Brodek

Brodek, Nebraska
6 Machi 1994

Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la kushoto limelikubali joto la Arizona. Msalimie kaka Duane na mkewe. Sisi huku hatujambo. Theluji imebaki kivulini mwa kanisa tu, na mbwa ameanza kulala nje.

Kazi inakwenda. Tangu Krismasi nimeuza pampu tatu za petroli za zamani, mbili kwa watu wa Omaha na moja kwa daktari wa meno anayetaka kuiweka sebuleni kwake. Najua usemavyo: mwanamke mzima ameacha kazi ya dirishani benki ili akwangue kutu. Ludvik wa mkahawani naye hakosi neno. Jana aliniuliza, "Lavonne, hizo pampu zako zinatoa nini?" Nikamwambia hazitoi kitu. "Basi ni kama meya wetu," akasema, "naye amepakwa rangi vizuri."

Sasa habari yenyewe. Jumamosi kulikuwa na mnada kwenye shamba la marehemu Bohumil Kucera, maana wanawe wanauza kila kitu. Ndani ya banda la nguruwe, chini ya rundo la magunzi ya mahindi lililonifika kiunoni, nimepata pampu ya aina ile yenye mtungi wa kioo juu. Mwili wote umepakwa lami, lakini kioo ni kizima, kimezungushiwa magunia ya unga. Wana wa Bohumil hawajui ilitoka wapi.

Tarehe 16 Julai mji wetu unatimiza miaka mia. Nataka kuisimamisha pale kilipokuwa kituo chako cha petroli, imejaa maji mekundu, ili wazee wakumbuke na watoto waone. Pampu yako iliyeyushwa mwaka 1942 vyuma vilipokusanywa kwa ajili ya vita, lakini hii itakuwa kama ndugu yake. Nitaweka kibao chenye jina lako. Nieleze ilivyokuwa ikifanya kazi. Mkono wake umekwama, nami sitaki kuulazimisha.

Binti yako,
Lavonne


Mesa, Arizona
15 Machi 1994

Mwanangu Lavonne,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili. Mimi ni mzima. Goti halina shukrani, lakini linatembea. Nawe ule vizuri, na ufunike pua unapokwangua rangi ya zamani, kwa kuwa ina madini ya risasi.

Mkono usiulazimishe. Ndani kuna wosha, kile kiduara cha ngozi cha kuziba, iliyokauka kama ulimi wa kiatu kilichotupwa. Ifungue, uiloweke siku mbili katika mafuta ya kwato za ng'ombe, si mafuta ya injini. Kisha uirudishe, na uvute mkono mbele na nyuma kwa mivuto mirefu. Mtungi hujaa kuanzia chini. Vile vibao vidogo ndani ya kioo ni galoni, moja hadi kumi. Mteja aliona kwa macho yake anachonunua, ndiyo maana hakuna aliyebishana. Ukizidisha, kinachozidi hurudi chenyewe chini kwa bomba la katikati. Ukishajaza, petroli hushuka kwa uzito wake, wewe unashika mpira tu na kungoja.

Hayo ni ya ufundi. La pili ni hili: usiisimamishe Brodek. Itengeneze, kisha uiuze Chicago au mbali zaidi, tena mapema. Watu wa Brodek wana kumbukumbu zao za vita, na si zote za kuchezewa. Kibao sikitaki.

Baba yako


Brodek, Nebraska
10 Aprili 1994

Baba mpendwa,

Unaendeleaje? Duane ameniambia kwa simu kwamba unawafundisha majirani kuegesha magari yao. Hiyo ni dalili ya afya. Mimi sijambo, isipokuwa mikono inanuka kwato.

Wosha imelainika. Leo asubuhi niliuvuta mkono kwa mara ya kwanza, ukaguna kama mzee anayeamshwa, kisha ukakubali. Maji yalipopanda kwenye kioo nilicheka peke yangu hadi mbwa akatoka nje.

Nimepata na mgeni. Bi Albína Sedlacek, ambaye ana miaka themanini na sita na bado anaendesha gari kwa jinsi inayomfanya kila mtu ampishe, aliingia bandani mwangu akaizunguka pampu mara mbili.

"Hii ilijificha wapi wakati wa vita?"

"Kwa Bohumil Kucera."

"Bohumil? Huyo alitoa mpaka kengele za ng'ombe." Akagonga lami kwa fimbo yake. "Mimi nilitoa kitanda changu cha chuma, cha arusi. Nikalala sakafuni mpaka theluji ikayeyuka, na mimba ya mwanangu Raymond tumboni."

"Pole sana, Bi Albína."

"Pole ya nini? Baba yako alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kukusanya vyuma, naye alianza na pampu yake mwenyewe. Mtu akianza na chake, utamkataliaje?"

Nilijivuna, baba. Sasa umeona kwa nini siwezi kuiuza Chicago. Niandikie sentensi moja tu ya kuweka kwenye kibao. Ukikataa, nitaitunga mimi, na najua unavyoyaonea haya maandishi yangu.

Binti yako,
Lavonne


Mesa, Arizona
18 Aprili 1994

Mwanangu,

Mimi ni mzima, na nakuombea uzima.

Nilisema sikitaki kibao. Nakuomba jina langu lisiwekwe, na pampu isisimamishwe. Hili si jambo la kutaniana. Ukipata mnunuzi, niandikie.

Baba yako


Brodek, Nebraska
2 Mei 1994

Baba mpendwa,

Sijui nikusalimu vipi leo, lakini nakusalimu. Umelala vizuri? Unakula?

Jumamosi nilimaliza kutoa lami. Chini yake kulikuwa na rangi ya kijani, ile ya milango ya kituo chako. Nikasema moyoni kwamba huenda kila mtu wa wakati ule alinunua kopo lilelile. Kisha nikafungua kijilango cha nyuma. Lakiri, ule muhuri wa mkaguzi wa vipimo wa wilaya, bado inaning'inia kwenye waya wake, imepigwa chapa yenye jina letu: POSPISIL, BRODEK, 1938.

Nilikaa juu ya ndoo nikaisoma tena na tena. Pampu hii si ndugu ya pampu yako. Ni yako.

Sijamwambia mtu. Nimeifunika turubai na kufunga banda kwa kufuli. Ludvik ameuliza kama nimezaa humo ndani, nikamwambia bado. Itabaki imefunikwa mpaka wewe useme. Ukitaka iende Chicago, itakwenda, wala sitakuuliza tena. Lakini nataka nilisikie kwako, kwa maneno yako.

Binti yako,
Lavonne


Mesa, Arizona
20 Juni 1994

Mwanangu Lavonne,

Salamu. Nimekawia siku arobaini na tisa, nisamehe. Duane atakuambia kwamba sili. Ninakula. Nilikosa tu la kuandika lililo la kweli ambalo ningeweza kulitazama.

Nilidhani hofu yangu ni kicheko cha watu. Siyo. Ni kile kitanda. Kila mwaka tangu wakati ule, Bi Albína alinisalimu kanisani kama mtu mwadilifu, nami niliipokea salamu ile. Ukurasa huu ni wako. Wa pili uusome mbele ya watu tarehe 16 Julai, pampu ikiwa wazi. Usibadilishe neno, hata la kunipendelea.

Baba yako

*Kwa watu wa Brodek. Mimi, Emil Pospisil, nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya vyuma mwaka 1942. Niliwaambia kwamba pampu yangu ya kioo ilikuwa ya kwanza kutolewa. Haikutolewa. Bohumil Kucera na mimi tuliilaza kwenye mkokoteni, tukaifunika nyasi kavu, tukaipitisha mbele ya posta mchana kweupe, na wengi wenu mlitupungia mikono. Kesho yake nilisimama kwenye ngazi za kanisa nikawaomba masufuria yenu. Bohumil alinyamaza kwa ajili yangu hadi kufa kwake, basi msimlaumu. Sikuwa na sababu njema. Niliipenda pampu ile, basi. Wengi walitoa vyao kwa neno langu, na Bi Albína Sedlacek alitoa kitanda chake. Nawaomba msamaha nyote, na yeye kwanza.*


Brodek, Nebraska
17 Julai 1994

Baba mpendwa,

Natumai uko karibu na kiti, kwa sababu barua hii ni ndefu. Mimi ni mzima, ila koo limekauka na nimeungua jua shingoni.

Watu walijaa kuanzia kanisani hadi kwenye ghala la nafaka. Niliondoa turubai, nikasoma ukurasa wako bila kubadilisha neno. Nilipomaliza, niliukunja ukurasa nikaushika mkononi. Bendi ilikuwa imesimama na matarumbeta mikononi. Nilitamani ardhi inifunike.

Ndipo Ludvik akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mama yangu alizika jiko la chuma chini ya kabichi," akasema. "Bado liko. Kila mwaka tulikula kabichi zenye ladha ya msumari, na baba akatukataza kuuliza."

Mtu mmoja akacheka. Kisha mzee Stanek akasema kwamba kengele ndogo ya kanisa, ile iliyosemekana kwenda vitani, iko kisimani kwake, na aliyeshika kamba wakati wa kuishusha alikuwa padri mwenyewe. Baada ya hapo sikuweza kuwahesabu. Vyuma vya mizani, plau, mashine ya kukamulia zabibu, reli ya kitanda cha mtoto. Wajane walikuwa wakiwasingizia waume zao, na waume walio hai wakiwasingizia mama zao. Bwana mmoja aliinuka akaapa kwamba familia yake ilitoa kila kitu, watu wakamzomea kwa kukosa aibu.

Lakini Bi Albína hakucheka. Alikuja mbele na fimbo yake, watu wakampisha. Aliuvuta mkono wa pampu mwenyewe, mivuto mirefu, mpaka maji mekundu yakafika galoni tatu. Akayaachia kwenye ndoo. Kisha akaunyanyua mpira kuanzia kwenye pampu hadi kwenye ncha yake, hatua kwa hatua, kama walivyofanya wakulima ili tone la mwisho lisibaki kwa mwenye kituo.

"Mwandikie Emil," akaniambia. "Mwambie msamaha siutumi kwa posta. Aje mwenyewe, anihudumie kama zamani. Ajaze tangi, aangalie oili, afute kioo cha mbele. Nikiridhika, tutazungumza."

"Bi Albína," Ludvik akasema, "humo mna maji. Gari halitatembea."

"Halitembei sana hata kwa petroli."

"Na mzee asipoweza kuja?" nikauliza. "Goti lake ni baya."

"Ana goti," akasema. "Hana kaburi."

Sikuweza kujua kama alikuwa na hasira au la. Aliondoka na kolache sita, mikate midogo mitamu ya plamu, ndani ya leso, na hakumgawia mtu.

Mtu wa Kansas City ameitaka pampu tangu jana, na leo amepiga simu tena. Nimemwambia si yangu kuiuza, lakini ninazo nyingine mbili nzuri, na amezichukua zote. Kibao sikuweka. Watu wenyewe wamekwisha kuiita pampu ya Emil.

Uamuzi ni wako, baba. Goti ni lako, na jina ni lako.

Binti yako,
Lavonne


Mesa, Arizona
25 Julai 1994

Mwanangu Lavonne,

U mzima? Mimi ni mzima zaidi ya nilivyostahili. Naandika kwa haraka kwa sababu Duane anangoja kuipeleka barua hii posta, huku akinung'unika kwamba basi si chombo cha mtu wa miaka themanini na miwili.

Nitaondoka Alhamisi, tarehe 4 Agosti, na kufika kituo cha basi cha Grand Island Jumamosi saa nane mchana. Uje na mto wa kukalia.

Jumapili baada ya misa, Bi Albína alete gari lake kwenye pampu. Mweleze kwamba tangi litabaki kama lilivyo, lakini oili nitaiangalia, na matairi nitayapima yote manne. Kioo cha mbele asikiguse kuanzia leo. Nataka nikikute na wadudu wote wa kiangazi.

Baba yako,
Emil