Wimbo Ulipokwisha

Mlalo, 9 Juni 1972

Mpendwa Baba Wema,

Salamu nyingi za nyumbani. Mwanetu hajambo, na maharage ya shamba la kijiji tumeshayavuna.

Ukija usishtuke kuuona uso wangu umevimba. Ni vidonge vya hospitali; mikono nayo inatetemeka, na usingizi sipati. Baada ya Pasaka niliamka masikio yote mawili hayasikii. Sikukuandikia, nilidhani yatazibuka kwa vidonge hivyo. Juzi daktari aliniandikia kwenye karatasi: "Mama, tutapunguza vidonge. Sidhani kama utasikia tena."

Jumapili moja niliimba kanisani, maana maneno nayajua. Nikaona watu wamegeuka wananitazama. Kumbe wimbo ulikwisha kitambo, naimba peke yangu. Jirani yetu Raheli akanishika mkono, akanikalisha. Tangu siku hiyo sijaenda.

Wema akinisemesha nikamwambia, "Rudia, mwanangu," siku hizi anaondoka tu. Wengine wananionyesha kwa vidole: maji, kuni, njoo. Hakuna anayenisimulia kitu. Ni barua zako tu zinazozungumza nami. Basi niandikie ndefu, Baba Wema, hata kama ni habari za mvua ya huko Kwamkoro.

Mkeo,
Efrazia