Kibao cha Karantini

Garissa, Jumanne, 1966

Rangi nyeupe bado imenishika kidoleni.

Asubuhi Abdi, msaidizi wa daktari wa mifugo, alitoa risasi pajani mwa ngamia wa mjane Halima. Ndiye ngamia pekee aliyembakia, na wajukuu wake wanaishi kwa maziwa yake. Abdi alikuwa bado anashona jeraha koplo wa jeshi alipoingia zizini na amri: ngamia wote walio nje ya kambi walimokusanywa wafugaji wapigwe risasi, kwa kuwa hubeba mizigo ya shifta, waasi wa msituni.

"Huyu hatoki, afande," Abdi alisema bila kuinua kichwa. "Ana ugonjwa, yuko karantini. Ukimgusa, buti zako tutazichoma."

"Na suruali pia, wallahi," Halima akaongeza.

Koplo akanigeukia. "Wewe mwandishi wa gazeti, kuna kibao cha karantini hapa?"

"Kipo mlango wa nyuma. Nimekiona, hata nimekigusa."

Akaondoka amenuna.

Miaka ishirini ya kazi hii sijaandika uongo, na leo sikusema uongo. Hakuniuliza kama rangi ya Abdi imekauka.

Naogopa atarudi kesho. Na arudi. Itakuwa imekauka.