Mahali pa Kuangukia

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba huwa naruka juu kwa mgongo, kama nilivyosoma kitabuni, nikiangukia rundo la maganda ya maharage nyuma ya nyumba yako. Nisamehe.

Hapa Makambako upepo ni mkali, na kwenye mashindano ya shule tunaangukia mchanga mgumu. Nilimuuliza mwalimu wa michezo kwa nini nchi yetu ina wakimbiaji wa mbio ndefu lakini warukaji hatuwasikii.

"Barabara iko kila kijiji, mwanangu," alisema. "Mahali pa kuangukia ndipo hatuna. Wote tunaruka mkasi, mguu mmoja baada ya mwingine, na kutua kwa miguu."

Ufito wa mwanzi tunaouruka ulipofika usawa wa kidevu changu, mkasi ulinishinda mara mbili. Nilibakiwa na jaribio moja la kuingia timu ya mkoa. Kwa mgongo ningeweza, ila niliogopa kuvunjika shingo.

"Wewe wa Njombe, ruka basi! Au unausoma huo mchanga?" alinipigia kelele msichana wa Wanging'ombe, ambaye alikuwa ameshatolewa.

Nilikwenda darasani tunakolala, nikarudi na godoro langu kichwani. Yule msichana aliacha kunicheka, akakimbia kuleta lake. Wengine wakafuata. Mwalimu alitikisa kichwa, kisha akayapanga mwenyewe.

Niliruka kwa mgongo. Kisigino kiliangusha ufito, na timu nikaikosa. Niliinuka bila kuumia, nikamwonyesha yule msichana mahali pa kuanzia kukimbia ili naye ajaribu.

Mungu akulinde, na viazi vyako visiungue kwa baridi.

Wako, Neema