Mnyororo wa Njano

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Yule wa mwisho ameshatembea, au bado anabebwa kama mfalme? Sisi huku hatujambo, ila lipo jambo moja nitakalolieleza kwa utaratibu, maana unanijua: siwezi kuanzia habari katikati.

Kama ujuavyo, tangu mwaka huu uanze mimi ndiye mkaguzi wa minyororo ya kunyanyulia mashine pale karakana, na baba bado ndiye mwendesha winchi. Kila mwezi mnyororo hushushwa, ukaoshwa kwa mafuta ya taa, kisha naupitisha mkononi pete baada ya pete, nikitafuta ufa, pete iliyorefuka, au mahali palipolika kwa kusuguana.

Jumatatu nilikuta mnyororo wa baba umepakwa rangi ya njano, unang'aa kama baiskeli ya dukani. Rangi hufunika nyufa. Nikasema hautanyanyua kitu mpaka itoke yote. Injini kubwa ilikuwa juu ya lori, lori limeziba lango, na mafundi wakakaa chini kunitazama. Mchomeleaji akasema leo binti anamkagua baba, kesho atamkagua mchumba. Fomeni akaniomba niruhusu mara moja tu, kwa upole kwanza, kisha bila upole. Nikakataa. Baba hakunitetea wala hakunilaumu. Alichukua brashi ya waya na thina ya kuyeyushia rangi, akachuchumaa karibu yangu tukaanza kusugua.

Chini ya rangi mnyororo ulikuwa mzima kabisa. Vicheko vyao usiniulize. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimtazama baba nikaona brashi yake inasugua sakafu, kando ya mnyororo. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini aliupaka.

“Mweusi siuoni tena, mwanangu,” akasema. “Wa njano nauona.”

Kaka, hakuwa anaficha ufa. Alikuwa anajificha yeye, asije akaondolewa kwenye winchi, kazi pekee aliyoifanya maisha yake yote. Nikamwambia siwezi kuupitisha mnyororo nikayanyamazia macho ya anayeuongoza juu ya vichwa vya watu. Akafuta mikono, akaenda mwenyewe kwa fomeni. Injini ilishushwa na mwendesha winchi mwingine. Baba kawekwa stoo ya vifaa, na fomeni ameahidi mbele ya wote kwamba akipona, winchi ni yake.

Na atapona. Alhamisi nilimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa, na ataona vizuri. Jicho la kwanza litafanyiwa upasuaji Jumanne ya wiki ijayo. Baada ya hapo haruhusiwi kubeba kitu kizito. Mimi nashinda kazini, na mama peke yake hamwezi. Ukimpa mgongo tu, ameshabeba pipa.

Alinikataza nisikwambie mpaka apone, eti usije ukamwonea huruma. Nimeivunja amri yake. Njoo, kaka, uwe umekaa mbele yake siku bandeji itakapofunguliwa. Miaka yote hiyo ameangalia minyororo. Safari hii aanze na wewe.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto uwabane mashavu.

Ni mimi mdogo wako,
Mkaguzi