Kwa Nini Sitavishwa Nyota Alkhamisi

Nizwa, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, maumivu ya goti yamepungua, na dada Wadha na wanawe hawajambo. Mimi mzima, alhamdulillah. Nakula vizuri, na tangu juzi nalala usingizi wa kweli, niliokuwa nimeukosa wiki tatu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ukiniuliza tu, "Baba, vipi?" ulimi unanikwama. Kiswahili changu kikichechemea, nisamehe.

Najua umeshaalika jamaa wa Al Qabil waje Alkhamisi kuniona nikivishwa nyota ya uafisa. Waambie wasije, Mama. Masomo ya uhandisi hapa chuoni nimefaulu yote. Kilichonirudisha nyuma ni upande wa jeshi.

Unakumbuka zoezi la ramani kule milimani, nilipopewa kuongoza wenzangu wanane. Jua lilikuwa kali mno. Kufika saa nne asubuhi, Asaad, yule rafiki yangu wa Sur uliyempikia Idi, alianza kuyumba, jasho likamkauka, akaanguka. Niliita gari la dakhtari kwa redio, likakawia karibu saa nzima. Tulimtandia mashati yetu kuwa kivuli, tukammiminia maji yetu yote ya kunywa. Alikuwa akimwita mama yake. Hospitali walisema angechelewa kidogo tu, tungemzika. Alilazwa siku sita. Sasa amepona, anatembea na kula kama zamani.

Wakubwa walidhani redio ndiyo mbovu, maana milimani sauti hukatika. Wenzangu wakanisifu. Nawe nilikwambia kwa simu kuwa nimemwokoa mwenzangu, ukalia kwa furaha, ukawasimulia majirani.

Mama, redio ilikuwa nzima. Nilikuwa nimepotea tangu asubuhi, nimewaingiza watu bonde silo, na nilijua. Nilipoulizwa tuko wapi, niliona haya, nikataja pale tulipopaswa kuwa. Gari likaenda huko. Nilipomwona Asaad anabadilika rangi ndipo nikataja mahali penyewe.

Jumatano nilikwenda kwa Kapteni Thuwaini, msimamizi wa mafunzo yetu, nikamweleza yote. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Basi kwa nini umekuja?"

Nikamjibu kuwa Asaad amenishukuru mbele ya baba yake, na mimi sikuweza kuinua macho. Nilidhani atanifukuza. Akasema nitarudia mafunzo miezi sita, na sitaongoza mtu mpaka yeye mwenyewe aridhike. Nilipotoka mlangoni, kifua kilikuwa chepesi.

Asaad nilimwambia siku ile ile. Alinigeuzia uso, akaondoka. Jana mchana alikuja na sahani yake, akakaa mezani kwangu, akala mpaka akamaliza. Hakuhama.

Ukikasirika, una haki. Ijumaa ijayo nimepewa ruhusa ya kuja nyumbani Ibra. Majirani usiwaambie chochote. Niachie, nitawaambia mwenyewe, na wewe ukiwapo.

Mpe salamu zangu nyingi Wadha na jamaa wote wanaoniulizia, uwabusu na watoto. Nami naomba radhi yako kabla ya nyota yoyote.

Mwanao,
Laith