Kwa Nini Niliacha Kuandika

Mujukuu wangu Furaha,

Tuko wazima hapa Kalemie. Baba yako ameanza tena kupeleka samaki wadogo wa ndakala Kigoma, na mudogo wako amepita mutihani.

Unaniuliza kama uingie kwenye shindano la wanawake waandishi huko Lubumbashi, na kwa nini mimi niliacha kuandika nilipopata zawadi. Wewe njo wa kwanza kuambiwa.

Nilikuwa na rafiki, Mama Sifa. Tulikimbia vita pamoja. Njiani lilimupata jambo, akaniambia mimi peke yangu. Nililiandika, nikabadilisha jina tu, nikalipeleka kwenye shindano, nikashinda. Siku ya zawadi nilimualika aje kunipigia makofi.

Hadithi ikasomwa mbele ya ukumbi muzima. Nilipomutazama, alikuwa amejiziba mudomo kwa mukono. Maneno yalikuwa yake, hata yale aliyoninong'oneza.

Akatoka, nikamukimbilia nje. «Mama Sifa, sikutaja jina lako!»

«Nilikuambia wewe,» akasema. «Sikuwaambia watu.»

Tulibaki majirani miaka mingi, akinisalimu kama anavyosalimu mupita njia. Mwaka jana alikufa. Kwenye kilio, binti zake waliniketisha pamoja na wageni.

Ingia kwenye shindano, mama. Unaandika vizuri kunishinda. Lakini kama ni habari ya muntu, umuombe kwanza. Mimi sikumuomba Mama Sifa, kwa sababu nilijua atakataa.

Bibi yako,
Mama Yohana