Shahidi Asiye na Lake

Mdogo wangu, Bwana Mishale,

Salamu zikufikie hapo kwa mwanao, na zikukute jicho limepoa. Daktari ameshakufungua bandeji, au bado unatuangalia kwa jicho moja? Mwanao akusomee barua hii, ila akifika ukurasa wa pili umtume dukani, umalizie mwenyewe. Sisi huku ni wazima. Kichwa changu tu ndicho kimevurugika, na nitakueleza kwa nini, kama nitajielewa.

Wiki iliyopita binti yangu alinipeleka kwa wakili. Tangu awe muuguzi anapenda kila kitu kipimwe upya. Alisema wosia si kitu cha kuandika mara moja ukakifungia kabatini miaka kumi na minane, maana watu hufa, mali huuzwa, na nia hubadilika. Nikachukua ile bahasha ya kaki, nikaenda nikijidai. Unakumbuka niliuchapa mwenyewe, nakala tatu kwa kaboni, bila kosa hata la nukta. Miaka thelathini ya kuchapa barua za wakubwa si mchezo.

Wakili ni msichana mdogo, ana miwani na adabu. Alianza kuusoma kwa sauti, na kila mstari ukawa mtihani. Msimamizi wa mirathi ni shemeji yako, marehemu. Taipureta nimemwachia binti, nami niliiuza zamani kwa bei ya kutupa. Kiwanja cha pili kilikwenda wakati shemeji yako anaugua. Akaniuliza kama kuna chochote humo ambacho bado kipo. Nikamjibu kwamba mimi nipo. Yeye akacheka, mimi nikabaki najiuliza.

Kilichobaki ni nyumba, ambayo ni ya binti, na kile chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, ambacho niliandika kiwe chako, wewe na meza yako ya kutengenezea saa. Hapo wakili akaacha kusoma. Akageuza karatasi mbele na nyuma, akauliza shahidi wa pili ni nani. Nikamwambia ni wewe, ungekuwa nani mwingine? Fomu za shule za binti uliweka sahihi wewe, za umeme wewe, za pensheni yangu wewe. Tangu wazazi watangulie, popote palipoandikwa shahidi tunaandikana sisi kwa sisi.

Akaniambia kwa upole kwamba shahidi wa wosia hawezi kurithi kwa wosia huohuo. Wosia wenyewe unasimama, ila fungu la shahidi linaanguka. Nikamwomba arudie, akarudia. Nikauliza kama maana yake ulidanganya. Akasema hapana, maana yake uliweka sahihi. Nikamuuliza mtu anaadhibiwaje kwa kusaidia, akasema sheria inataka shahidi asiye na lake. Neno mojamoja nalielewa, jumla yake ndiyo inanipiga chenga. Miaka yote hiyo umekaa chumbani ukijua ni chako, nami najua ni chako, kumbe kalamu yako mwenyewe ilikuwa imeshakutoa.

Sasa mtume mwanao dukani.

Ndugu yangu, niliposikia hayo nilifurahi. Nilihisi nimetuliwa mzigo. Tangu uondoke binti ananiomba chumba kile afungue duka la dawa, na siku ile nilikwenda kwa wakili nikiwa nimeshamkubalia. Kilichonitesa ni namna ya kukwambia, na hapo nikaona sheria imenisemea. Nilipanga kunyamaza tu, nife zangu, mje msomewe, muilaumu sheria. Njiani binti aliuliza imekuwaje, nikamwambia mambo yote yamekaa sawa. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku nne nilizunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Asubuhi niko upande wa binti, mchana niko upande wako, na jioni sijui hata nilikuwa natafuta nini jikoni. Jumamosi nikafungua chumba chako kipate hewa. Yule mshona viatu wa kona akaja dirishani na saa yake ya mkononi, akauliza kama fundi amehama. Nikamjibu kwa ukali kwamba hajahama, hapa ni kwake, atarudi. Nilipokwisha kusema nikakaa kwenye kiti chako, maana sikujua kama ndiyo kwanza naamua, au nilishaamua zamani nikasahau.

Binti nimemweleza ukweli. Amenuna, anaweka chakula mezani bila neno. Hana kosa, mtoto kumwomba mamaye si dhambi. Kosa ni langu niliyemwahidi chumba chenye mtu.

Wosia mpya uko tayari. Wakili kauchapa mwenyewe, na mistari yake haikukaa sawa, lakini nimejikaza sikusema. Msimamizi ni binti, hata kama amenuna. Chumba ni chako. Tunaweka sahihi Alhamisi saa nne, na mashahidi ni mwalimu wa jirani na mwenye duka la mkabala.

Wasalimie wote hapo, na mwanao mpe asante yangu kwa kukuuguza. Mungu akupe shifaa ya haraka. Nisamehe kwa niliyoyawaza, na kama huwezi kwa sasa, nitangoja. Ila Alhamisi, hata daktari akikuruhusu, usije. Najua ukiingia tu utaanza kutafuta kalamu. Umeniwekea sahihi maisha yangu yote, mdogo wangu. Mara hii moja usinisaidie, ili kilicho chako kiwe chako.

Ni mimi dada yako,
Mama Chapa